Habari Njema Walizozipeleka Kilifi

Mama yangu,

Shikamoo huko uliko. Nakuandikia nikiwa na hofu, na hofu yenyewe naona haya kumwambia mtu aliye hai. Kesho wale wapimaji wanarudi Ngomeni.

Unawakumbuka. Walikuja mwaka ule wa mwisho wako, wakasema wametumwa kutoka Kilifi kupima uongozi wa vijiji vinavyopokea watalii: kama kamati ya ufuo huitisha mikutano, kama mwananchi husikizwa, kama njia za kwendea baharini ziko wazi kwa wenyeji. Yule binti mwenye kishikwambi alisimama mlangoni bila kuvua viatu, akakuuliza habari za uongozi wa hapa. Ukamjibu, "Njema, alhamdulillahi." Akauliza kama mmeridhika. "Tumeridhika, mwanangu. Karibu ndani."

Mimi nilikuwa nakanda unga, nikainua uso kukutazama. Asubuhi hiyo hiyo ulikuwa umerudi kutoka pwani ukinung'unika mpaka jirani wakasikia, kwa kuwa mwenye nyumba za wageni alikuwa ameanza kusimika vigingi kwenye njia yetu ya mwambani, na kamati haikumwambia kitu. Lakini mgeni ulimjibu kama ulivyolelewa. Kwetu hata mwenye msiba hujibu njema kwanza. Mgeni hukaa, hunywa maji, huuliza tena, na hapo ndipo huambiwa. Ukavuta mkeka, ukaniita nilete maji. Nilipotokea na gilasi, binti alikuwa keshafika nyumba ya pili. Ukacheka, ukasema, "Huyo atajua nini, naye hata kitako hakukaa?"

Nikacheka nawe. Laiti tungejua.

Nyumba zote zilijibu vivyo hivyo. Bi Kadzo jirani yetu, ambaye hajapata kuridhika na kitu tangu azaliwe, siku hiyo naye aliridhika. Kijiji kikapata alama za juu. Bango likasimamishwa njia panda, kijiji cha mfano kwa utalii endelevu, na kila tulipokwenda kulalamikia njia yetu tulisomewa majibu yetu wenyewe. Vigingi vikawa seng'enge, seng'enge ikawa ukuta. Ukuta hukuuona, nashukuru kwa hilo.

Sasa sisi wachokoa pweza twazunguka kupitia mikokoni. Unalijua tope la kule. Maji ya bamvua yakianza kujaa hayamngoji mtu, na mahali ulipopitia kwenda huwezi kupitia kurudi. Juzi Bi Kadzo alikwama mguu mpaka gotini, maji yakampanda hadi kifuani. Nilimtupia leso yangu nikamvuta, huku nikisoma kila dua uliyonifundisha na nyingine sijui nilizitoa wapi. Tulipofika nchi kavu hakusema neno. Bi Kadzo huyo huyo, Mama, kanyamaza kimya. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Utaniuliza kwa nini basi nisiseme tu. Mwenyekiti wa kamati siku hizi ni Baba Mdogo. Ndiye aliyenipa kibanda cha chai na mahamri pale watalii wanaposhukia, na alichokitoa aweza kukitwaa. Jana alipita kibandani, akala, akaisifu iliki, akasema wapimaji atawaleta kwangu kwanza, kwa kuwa mimi ni mwanawe na nina maneno mazuri. Kisha akaniambia taratibu, "Mgeni hapakuliwi ukoko, mamangu." Hakunitisha. Ananipenda, wajua mwenyewe alivyonilea tangu marehemu Baba atutoke, na hilo ndilo linalonifunga. Angenifokea ningepata pa kushika. Nami ni mwoga wa kuzaliwa. Tulikuwa tukienda kisimani mchana wa jua kali na bado nakushika pindo la leso.

Basi nimekaa hapa naogopa kila upande. Naogopa wataulizia mlangoni tena, Baba Mdogo kasimama kando yao anatabasamu, na ulimi wangu useme njema, kisha usimame hapo hapo. Naogopa kukosa kibanda, maana pweza peke yake hawanitoshi. Lakini nikiifikiria mikoko naogopa zaidi. Iko siku leso haitafika.

Adabu yako siitupi, Mama. Nimeutandika mkeka wako sebuleni, na maji nimeyatia mtungini yapoe. Nitawaambia wavue viatu, wakae, wanywe. Bi Kadzo ameniahidi atakuja na mguu wake uliovimba, akae ubavuni pangu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake amesema hatatia neno mpaka mimi nimalize. Wakiniuliza habari za hapa nitawajibu njema, alhamdulillahi, ili usije ukaniaibikia.

Kisha sitangoja waulize mara ya pili.

Niombee sauti isinikauke.

Ni mimi, kitindamimba chako mwoga.