Chuma cha Kushikia cha Mama

S.L.P. 418
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mnaendeleaje huko? Kile kifua chako kimepona, au bado unajitia ushujaa wa kutokwenda hospitali? Sisi huku ni wazima. Presha ya Mama imetulia, na macho yangu bado yananiruhusu kuandika bila kupita nje ya mstari.

Najua umeninunia. Uliandika kwamba Mama ahamie kwako, nami nikakaa miezi miwili kimya. Nisamehe. Sikutaka kukujibu kabla sijajua moyo wake.

Tangu alipoteleza kwenye mlango wa nyuma, Mama hakutoka tena nje. Kile kidato cha kushukia uani, unakikumbuka, ni kirefu kama kimejengewa twiga. Alikuwa akiketi chumbani mchana kutwa, akiniuliza kama jua limewaka. Swali hilo lilinichoma kuliko kilio.

Basi nikajiandikisha karakana ya mbao na vyuma, darasa la wanaoanza, kila Jumamosi asubuhi. Usicheke. Tuko watu wazima watupu: dereva mstaafu, mshona viatu, muuguzi mmoja, na mimi. Mwalimu wetu ni mwanamke, umri wake ungemtosha kuwa binti yangu, lakini akishika randa utadhani alizaliwa nayo.

Nilianza na kistuli cha kukanyagia, ili kukigawa kile kidato mara mbili. Kilipokamilika kikayumba. Nikakata mguu mmoja, kikayumbia upande wa pili. Nikakata mwingine, kikarudi kulekule. Mwalimu akaninyang'anya msumeno. "Mama, ukiendelea hivi utatutengenezea sinia." Darasa zima likavunjika mbavu. Ikabidi nianze upya, na mara hii akanionyesha kuchora miguu yote minne kwa kipimo kimoja kabla ya kukata hata mmoja.

Baada ya mbao tukaingia kwenye vyuma. Nilikata bomba la Mama kushikia mlangoni, nikalisugua ncha kwa tupa mpaka halikwaruzi kiganja, kisha nikachomelea vibati vya kulifunga ukutani. Kazi yangu ya kwanza ilifanana na nta iliyomwagika. Mwalimu aliipiga nyundo moja tu, kibati kikadondoka sakafuni.

"Bora kivunjike mkononi mwangu kuliko mkononi mwa mama yako," akasema, bila ukali wowote.

Mdogo wangu, siku hiyo nilirudi nyumbani na kile kibati mfukoni. Niliwaza kwamba pengine wewe ndiye uliyesema kweli. Hata hivyo Jumamosi iliyofuata nilikwenda, na iliyofuata tena. Jumamosi ya nne, mwalimu akalifunga lile bomba ukutani mwa karakana, akagonga, akagonga, kisha akaning'inia juu yake kwa uzito wake wote. Halikutikisika. Akanipa mkono kama mwanamume kwa mwanamume, nami nikacheka peke yangu njia nzima.

Nilifunga vyote viwili, kistuli na chuma, kwa bolti mlango wa nyuma Jumatatu. Mama akavichungulia dirishani, akaguna. "Wewe uliyekuwa ukivunja vikombe kila wiki, leo nikuachie mifupa yangu?" Siku mbili hakusogea. Sikumsihi.

Alhamisi nilikuwa nafua nguo uani. Nikasikia kikohozi, nikageuka. Mama yuko mlangoni, kashika chuma kwa mikono miwili. Nilijizuia nisikimbie kumshika. Akateremsha mguu mmoja, akapumzika kistulini. Akateremsha wa pili. Alipofika chini akaniangalia.

"Umesimama kama nguzo ya nini? Niletee kiti."

Akaota jua hadi adhuhuri.

Jioni ile ndipo nilipomsomea barua yako, neno kwa neno, nikamwambia uamuzi ni wake. Kisha akasema hahami, ila anataka kuja kukaa kwako mwezi mzima, akuone kwa macho yake. Halafu akaniuliza mlango wako una vidato vingapi. Nikasema sijui.

"Muulize," akasema. "Mwambie avipime vizuri. Utatangulia wewe na vyuma, mimi nitafuata."

Kwa hiyo chukua futi, uniandikie urefu wa kila kidato na upana wa mlango.

Nisalimie wifi yangu na mapacha. Shangazi naye anakusalimu na kulalamika kwamba humpigii simu. Mungu awafunike kwa amani, nyote mlio chini ya paa hilo.

Nikupendaye siku zote,
Dada yako mkubwa