Kinga Aliyopewa Dada

3 Machi

Dada,

Shikamoo. Ulinitangulia kuzaliwa kwa pumzi chache tu, lakini haki yako nakupa. Hujambo? Nasikia hujambo sana, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Kiharusi kilituangusha sote mwaka mmoja. Wewe umerudi kwenye karakana ya marehemu baba, unakata suti. Mimi mkasi unaniponyoka na maneno yananikimbia. Daktari anasema huenda kilichokukinga wewe ni estrojeni, homoni iliyo nyingi kwa wanawake: husaidia kuilegeza mishipa ya damu na kuzikinga seli za ubongo. Hata tumboni ulikula fungu langu!

Nitumie vile vidonge vya estrojeni ulivyokuwa ukinywa. Meza ya kukatia ni yangu. Sitakuwa mpiga pasi wako.

Mdogo wako

10 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, wewe punguza kijicho, kitakupandisha presha. Vidonge vile nilikatazwa tangu nilipougua, kwa sababu vinaweza kugandisha damu. Tena ubongo wa mwanamume hujitengenezea estrojeni yake kidogo. Fanya mazoezi ya mkono, uache kelele.

Dada yako

2 Mei

Mdogo wangu,

U hali gani? Barua zangu hukuzijibu, kumbe ulilazwa hospitalini hadi wiki iliyopita. Mkeo amenieleza: ulivinunua vidonge kwa siri, ukavimeza, mguu ukavimba kwa damu iliyoganda. Mtu mzima! Ulitafuta akili au kaburi?

Sasa sikiliza nililokuficha. Nilitolewa ovari, zile zinazotengeneza estrojeni, kabla sijafika miaka arobaini. Kinga unayonionea wivu iliniacha mapema, na daktari alinionya kwamba huenda kumbukumbu ikadhoofika. Juzi nimekata koti la bwana harusi: mikono yote miwili ni ya kushoto. Kitambaa kimekwisha, mwenyewe anakuja Ijumaa. Mafundi wakijua, sitashika mkasi tena.

Dada yako

5 Mei

Dada,

Shikamoo. Uvimbe umepungua; wivu bado. Hata koti uliloliharibu nakuonea wivu, maana ulilikata wewe.

Waambie mafundi kwamba nilipita ukiwa umetoka, nikalikata mimi. Wameshaniona nikidondosha mkasi, hakuna atakayeuliza. Najua baada ya hapo hawatanikaribisha mezani kamwe. Basi na iwe. Ila daktari wako mweleze ukweli wote.

Ijumaa nitakuja kumwomba radhi bwana harusi. Mbele yake wewe usifungue mdomo.

Mdogo wako