Gugu la Sindo ni Nani?

Jumatatu, 8 Juni 1998
Leo Mwalimu Nashon katufungua macho! Katika hadithi, kitu kimoja husimama badala ya kingine. Fisi si fisi tu — ni ulafi wa mtu. Mbona hakuna aliyeniambia tangu darasa la kwanza? Sasa hata kuku wa Mama nawatilia shaka. Kila mmoja aandike hadithi ya mafumbo, na itakayoshinda itasomwa siku ya wazazi, Ijumaa ya wiki ijayo. Nitashinda. Lazima!

Jumatano, 10 Juni 1998
Nimepata! Gugumaji. Limeziba ziwa hapa Sindo, mashua hazitoki, na bado ua lake linapendeza. Kwangu mimi ni uongo: huanza kidogo, kisha unakuziba. Nimeandika — Gugu alikuja mgeni, shina moja tu. Samaki wakasifu ua lake, wakampa nafasi. Akaita jamaa zake. Samaki wakakosa hewa. Mkono unauma!

Jumatatu, 15 Juni 1998
NIMESHINDA! Ila hakuna aliyeona uongo. Rafiki yangu Phelesia kaapa kwamba Gugu ni nyar Kosele, yaani binti wa Kosele, mke mdogo wa baba yake. "Wewe Bonareri, mambo ya kwetu umeambiwa na nani?" Mwalimu mkuu naye kaniita ofisini, sauti chini: Gugu si chifu, sivyo? Maana chifu ndiye mgeni wa heshima. Nikasema, hapana sir. Nimecheka hadi machozi. Sijamtaja mtu, na kila mtu kampata mtu wake!

Jumatano, 17 Juni 1998
Nimemsomea Mama akipanga ndizi zake za kuuza. Hakucheka. Akauliza, huyo mgeni aliyeita jamaa zake wakajaa — ni sisi? Sisi Wakisii, hapa kwa Wajaluo? Juzi sokoni aliambiwa arudi kwao. Hakunikataza kusoma. Alisema tu hatakuja.
Sikumaanisha hivyo! Nimelia.

Ijumaa, 19 Juni 1998
Niko nyuma ya darasa, naandika haraka. Chifu keshaketi. Nimefuta "mgeni". Sasa Gugu kazaliwa ziwani humuhumu, samaki wenyewe ndio waliomlea. Mwalimu Nashon kasoma, kakuna kichwa — sasa ndio chifu atajiona kabisa! Kisha kanirudishia karatasi. Soma, akasema.
Nimechungulia. Mama yupo! Kasimama langoni, beseni la ndizi kichwani, kama mpita njia tu.
Wananiita. Phelesia ananivuta mkono — ngoja! Nitasoma kwa sauti kubwa, ifike mpaka langoni.