Glutameti Si Mchuzi

Jumapili, 14 Oktoba 2007. Vumbi la ziwani limeingia hadi kwenye vitabu vyangu, na leo sina subira na mtu yeyote. Hasa na mdomo wangu.

Wiki jana nilisoma kule saiba, kwenye intaneti, kuhusu protini zinazosafirisha glutameti kwenye ubongo. Nilifurahi hadi nikamweleza Mama, mimi ambaye hata darasani siinui mkono. Nilimwambia seli za ubongo zikishawasiliana kwa kemikali hiyo ya glutameti, lazima iondolewe upesi, la sivyo inazichochea kupita kiasi. Kazi hiyo hufanywa na protini zinazokaa tatu tatu, kama marafiki walioshikana mabega, ila kila moja ina mfuko wake. Mfuko una milango miwili, kama ile ya benki mjini: wa ndani haufunguki kabla wa nje haujafungwa. Sodiamu huingia na glutameti, ndiyo inayoivuta. Potasiamu ikitoka, mfuko unarudi kuchukua nyingine.

Kisha nikaongeza kwamba labda kifafa cha Njeri, mdogo wangu, kinahusiana na glutameti kuzidi.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Leo nimekuta pakiti ya viungo vya mchuzi kwenye takataka. Mama alisoma nyuma yake akaona neno glutameti. Hiyo ningevumilia. Lakini vidonge vya Njeri viko juu ya kabati, na tangu Ijumaa hajapewa. Eti chanzo kimejulikana, dawa ni ya nini? Na daktari alikataza kabisa kuviacha ghafla.

Nilimweleza kwamba ubongo hutengeneza glutameti yake, ya mchuzi haifiki huko kwa urahisi. Nikachora hata milango.

"Si ni wewe ulisema ni glutameti?" Mama akaniuliza. "Na hapa wameandika nini, daktari wangu?"

Nikaeleza tena. Njeri akacheka, akasema mimi ndio mlango uliokwama.

Mwishowe niliachana na protini.

"Mama, nilikosea. Sijui ni nini kinamsumbua Njeri, nilisoma tu. Mpe dawa, tafadhali, na kesho twende tumuulize daktari."

Mama akapanda juu ya stuli, akashusha vidonge.

Pakiti ya viungo bado iko kwenye takataka. Kabeji ya leo ilitiwa chumvi tu, bila kiungo kingine, na ya kesho itakuwa hivyo hivyo.

Nitaimaliza, na sitasema neno.