Kovu la Kidevuni

4 Februari

Mume wangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ila goti linanisumbua na jicho la kulia limefunga kabisa. Daktari anasema ni presha ya macho, la kushoto nalo litafuata kabla mwaka haujafika katikati, na likifunga halifunguki. Anayeniandikia ni jirani yangu, Karani mstaafu wa mahakama. Nikiongea haraka ananinyooshea kidole kama mimi ndiye mshtakiwa.

Picha za wateja wako zimefika. Mwimbaji mwenye kope za bandia nimemwona, mcheza mpira nimemwona, mke wa waziri nimemwona meno yote. Ukuta wangu umejaa watoto wa watu. Wewe niliyekubeba mgongoni tangu mama yako azikwe, miaka sita sijakuona, na tangu mwaka jana hata simu hupokei. Nitumie uso wako, niutazame kabla giza halijaingia. Sitaki kingine.

Bibi yako

2 Machi

Shikamoo Bibi,

Natumaini goti limetulia. Mimi mzima, ni kazi tu na koo. Sauti imekauka, ndiyo maana sipokei simu. Unakumbuka nilivyoanza, picha za pasipoti, shuka lako jeupe nimelitundika ukutani? Sasa watu wakubwa wanangoja mwezi mzima wakae mbele ya kamera yangu. Yule mwimbaji hakai mpaka nimwapie kwamba shavu la kushoto halitaonekana. Kupiga ni dakika kumi. Siku tatu ni za kulainisha kwenye kompyuta, nafuta chunusi, mikunjo, uchovu. Ndicho wanachonipendea.

Picha yangu hii hapa.

Mjukuu wako

18 Machi

Mume wangu,

U mzima kweli? Nauliza kwa sababu mtu uliyenitumia simjui. Nimempeleka mlangoni penye jua, nikamsogeza mpaka puani. Mzuri, kama sabuni mpya. Kovu la kidevuni liko wapi? Ulianguka na ndoo kisimani, una miaka minne, nikakimbia nawe mpaka zahanati, kidole changu kimeziba damu njia nzima. Kovu lile ni langu. Nani kakupa ruhusa ya kulifuta?

Hao waimbaji wako wafute hata pua, shauri yao. Wewe nitumie picha nyingine, na haraka. Karani mwenyewe sasa namtambua kwa kikohozi.

(Ni kweli, nakohoa. Karani.)

Bibi yako

25 Mei

Shikamoo Bibi,

Goti vipi? Nisamehe kwa kimya. Nasafiri nje kikazi, huenda nikakaa sana. Picha nitakutumia nikirudi. Kula vizuri.

Mjukuu wako

Karani, kuanzia hapa usimsomee Bibi. Si koo, ni saratani. Mwaka jana waliniondoa taya la kushoto, na sasa imerudi shingoni. Maneno hayatoki, mate hayakai mdomoni. Picha ile ni ya zamani, na bado niliilainisha, kwa mazoea tu. Sikukumbuka kwamba kovu lina mwenyewe. Studio nimefunga. Yule mwimbaji alikuja kunijulia hali hospitali, akatazama dirisha mpaka akaaga. Sitaki Bibi naye atazame dirisha. Acha macho yake yafunge akinijua nilivyokuwa.

2 Juni

Mume wangu,

Sikuulizi hali, nimeshaijua. Karani husoma kwa sauti, neno baada ya neno, bila kutangulia mbele. Ndivyo alivyosoma mahakamani miaka thelathini. Alipofika "usimsomee Bibi", yalikuwa yameshamtoka. Akataka kukunja karatasi, nikamkamata mkono: mzee, humu hutoki. Akamaliza yote.

Sasa nisikilize. Nimekutazama ukitapika. Nimekutazama na surua, uso mzima unatokota kama uji. Nilitazama dirisha gani? Chumba tulichopanga hakikuwa na dirisha.

Jicho lililobaki linaona saa sita mchana tu, hapo mlangoni. Njoo. Kama huwezi kuja, jipige picha, na usifute kitu.

Bibi yako

11 Julai

Shikamoo Bibi,

Nimekaa kwenye kiti wanachokaa wao. Nimebonyeza mwenyewe. Sijafuta kitu. Daktari akiniruhusu, nakuja.

Mjukuu wako

24 Julai

Mume wangu,

Umeamkaje huko? Picha imefika Jumanne. Jicho lilikuwa limefunga Ijumaa. Siku nne tu.

Nimemwambia Karani anieleze, naye akaeleza kama anasoma ushahidi: taya, mshono, shingo, mdomo ulivyovutwa upande. Nikauliza, kovu? Akasema lipo, kulia. Halafu akakohoa sana, nikajua hicho si kikohozi.

Basi sasa huna wa kumficha uso. Njoo. Nina vidole.

Bibi yako

16 Agosti

Mume wangu,

Jana wenzako wa studio walikuleta. Juu ya jeneza waliweka ile picha ya sabuni. Karani aliponinong'oneza nikasema itoke, iwekwe uliyojipiga mwenyewe. Watu wakaguna. Nikawaambia, nyumba hii ina dirisha, anayeshindwa kutazama huku atazame huko.

Kisha wakafunua, nikakushika uso. Nilianza kushoto, palipokatwa, nikaenda taratibu, sikuruka mahali. Kulia nikalikuta, dogo kama punje ya mchele, palepale nilipoziba kwa kidole siku ile ya ndoo.

Karani anauliza barua hii aipeleke wapi. Nimemwambia aandike kwanza.

Bibi yako