Kioo Chenye Haya

Baba yangu,

Shikamoo, ingawa najua marahaba yako siisikii tena. Nakuandikia nikiwa ndani ya chumba chako cha picha hapa Changamwe. Mlango nimeufunga, maana sina uso wa kutoka nje.

Jumamosi shangazi yake yule kijana wa posa alikuja kutoka Mtopanga kuniona. Mshenga alikuwa amempelekea ile picha uliyonipiga mwaka wa kifo chako. Nikaingia na sinia la chai na mahamri. Akanitazama, akaitazama picha, akaigeuza mbele na nyuma kama mtu anayekagua leso dukani. Kisha akamwambia mama, kwa adabu kabisa, "Dada, tumekuja kwa mwenye picha. Mwite basi."

"Ndiye huyo," mama akajibu.

Laiti angenitukana. Mahamri hayakuguswa. Makovu yangu ya ndui, ambayo mtaani kila mtu ameyazoea, niliyahisi yakiwaka moja moja.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinikalisha karibu na dirisha? Wakati wa vita, askari walipojaa uani wakitaka picha za kupeleka kwao, uliizungusha pete ya shaba ya lenzi, ukabana tundu la kupitishia mwanga, na kila kifungo kikaonekana. Nikikaa mimi, ulilifungua tundu lote. "Kioo hiki kizee hakiukusanyi mwanga wote mahali pamoja," ulisema ukiigusa lenzi. "Unaomwagika kando ndio unaokufunika, mwanangu. Kina haya hiki." Macho yangu yalitoka wazi, na mashavu yakawa laini kama tui. Nami nikijidai, kumbe.

Sasa kuna swali linaloniuma kuliko maneno ya yule shangazi. Mwenye haya alikuwa kioo, au wewe? Ulinipenda, hilo silitilii shaka. Lakini hukulibana tundu lile kwa ajili yangu hata siku moja.

Juzi niliitoa picha yako, ile niliyokupiga mimi, tundu likiwa wazi ili upendeze. Nikalitafuta lile baka jeusi la shavuni, nililopenda kuligusa nikiwa mdogo. Halipo. Mwanga umelimeza. Nimelililia baka, baba.

Leo asubuhi nimekaa dirishani palepale. Nimeizungusha pete mpaka tundu likawa kama punje ya mtama, nikamwambia mama aminye mpira wa kupigia picha. Akasita.

"Yataonekana yote," akasema.

"Ndiyo, mama. Minya."

Nikatulia bila kupepesa, maana tundu dogo lataka muda. Picha nimeisafisha mwenyewe ulivyonifunza, na kesho mshenga ataichukua. Sikufichi, naona haya hadi visiginoni. Huenda wasirudi.

Nakala moja nitakuletea kaburini. Nitazame, baba.

Ni mimi binti yako,
mwenye picha.