Sketi Iliyotoka Lipovany

Jumanne, 24 Agosti 2021

Leo zamu ya kumhudumia Bi Ludmila nyumbani kwake, Rooty Hill, huku ughaibuni. Polisi wamenisimamisha njiani kuangalia permit ya kwenda kazini. Lockdown haina dalili ya kwisha.

Bibi huyu ana miaka themanini na tatu. Macho yamefifia, ulimi bado wembe. Kaniagiza nimtafutie sketi yake ya kwao. Kwao ni Lipovany, mji mdogo sana nchi ya Czech. Jumapili ni sikukuu ya mtakatifu wa kanisa lao. Mji mzima huvaa mavazi ya asili na kuandamana, na dadake Božena atamwonyesha kwa video. Na yeye atavaa, papa hapa kwenye kiti chake.

Nimeikuta sandukuni — masikini! Kitani cheupe kimegeuka manjano, kimesokotwa kama kamba na kufungwa uzi. Mikunjo kila mahali. Bibi alipolala mchana nimeufungua uzi, nikaifua kwa mkono, upepo ukaikausha, kisha pasi. Mimi na nguo iliyokunjamana hatupatani! Imenyooka kama kitambaa cha altare. Nimeitundika kabatini, nikaenda nyumbani nikijisifu.

Alhamisi, 26 Agosti

Ee Mungu wangu. Nimefanya nini?

Tukinywa chai, Bi Ludmila kanisimulia habari za sketi. Mikunjo ile ndiyo sketi yenyewe. Mama yake aliikunja kwa vidole, mmoja mmoja, kitani kikiwa bado kibichi kwa wanga. Kisha akaisokota na kuifunga uzi, isiachie. Ndivyo wanavyozitunza kwao. Mwaka 1968 Ludmila alipokimbia nchi, mama alimtilia sketi kwenye begi. Hawakuonana tena mpaka mama akafa. Yeye hakuufungua ule uzi hata siku moja.

"So the folds are still hers," kasema.

Mwoga mkubwa mimi! Badala ya kusema, nimeichomoa kabatini, nikaitia kwenye begi la kazi, nikaondoka nayo. Ofisi wakijua nimetoa kitu nyumbani kwa mteja, kazi kwisha. Lakini si kazi inayoniuma. Ni yule mama.

Ijumaa, 27 Agosti

Off. Nimemwambia binti yangu Cheryl yote. Yuko mezani na masomo yake ya Zoom, hata kichwa hakuinua. "Mum, just tell her." Ni rahisi ukiwa na miaka kumi na minne.

Halafu nikakumbuka maisha ya bweni! Sketi ya shule, yenye malinda, na pasi hakuna. Unailowesha kidogo, unapanga mikunjo, unaipiga bandi, mishono mirefu ya kuishikilia ikae, unailaza chini ya godoro. Kesho yake kanisani matroni hana la kusema.

Nimekoroga uji mwepesi wa cornflour, nikaichovya, nikaanza kukunja. Cheryl kaja mwenyewe kunishikia uzi, akawa anahesabu. Mikunjo mia mbili na kumi na sita! Mgongo sina. Lakini tumecheka mchana kutwa, mimi na mwanangu, siku nyingi hatujacheka hivyo. Kaniuliza mambo ya bweni mpaka giza likaingia.

Jumamosi, 28 Agosti

Nimeilalia kama kuku na mayai yake. Nimekata bandi. Imeshika!

Ila mikunjo si ya mama yake. Nitamwambia kesho, kabla hajaivaa.

Jumapili, 29 Agosti

Naandika jikoni kwa Bi Ludmila, birika liko motoni.

Nilimwekea sketi mapajani nikasema bila kuzunguka. Mikunjo ya mama yako niliipiga pasi Jumanne. Hii ni yangu. Nisamehe.

Vidole vyake vikatembea, mkunjo mmoja mmoja.

"I smelled the iron on Tuesday," kasema. "I was waiting for you."

Kumbe! Na chai ya Alhamisi ilikuwa mtego. Nimelia mpaka barakoa ikalowa. Naye machozi yalimtoka — ya mama yake, siwezi kujidanganya. Kisha akajipangusa. Kasema mikunjo ya mama ilikuwa myembamba zaidi, hii ni ya msichana wa shule. Kweli tupu! Akaniamuru nimvalishe haraka, saa imefika. Nikimvalisha nikamsimulia uji wa cornflour, bandi na godoro.

Saa kumi na mbili jioni, kwao asubuhi, Božena katokea kwenye tablet. Dirishani kwake tarumbeta, riboni, wasichana wa sketi zilizofura. Lakini mwenyewe kavaa gauni la nyumbani. Bi Ludmila kanitafsiria: mwanamke aliyekuwa akiwakunjia sketi mtaani kwao alikufa kwa Corona majira ya baridi. Wazee aliokuwa akiwakunjia wamebaki hivyo. Ya Božena ipo kabatini, imefuliwa, imelegea.

Halafu Božena kaiona ya dadake. Akasogea mpaka skrini ikajaa jicho na miwani. Akauliza nani kaikunja.

Bi Ludmila akanishika mkono, akanivuta mbele ya kamera. Božena akatoka mbio, kwa umri ule! Kurudi, ana sketi mapajani, na kalamu, na daftari.

"Tell her, Aketch. Start with the porridge."

Nikasingizia chai, nikakimbilia huku kupangusa macho. Birika lilishachemka zamani. Ananiita tena, na kule Lipovany kalamu iko juu ya karatasi. Uji nitaueleza. Godoro kwa Kicheki sijui linaitwaje.